Punda Tunao, Nauli Hatuna

Hotuba ya Kamati ya Elimu na Afya kwenye mkutano wa mwaka wa harambee ya watu wa Lamu tuishio Mombasa



Kila mwaka kamati yetu husimama hapa na kusoma orodha ndefu: madawati, karo, vitabu, tangi la maji. Mwaka huu tumekuja na jambo moja tu, na tunajua kwamba baadhi yenu mmeshalisikia barazani na mkacheka. Tumekuja kuomba fedha za kuwafundisha watoto kwa msaada wa punda.

Kicheko hicho hatukilaumu. Sote tumekua tukiambiwa kwamba fadhila ya punda ni mateke. Mtoto aliyekosea hesabu aliitwa punda mbele ya wenzake, na kazi ilipokuwa nzito mtu alisema punda afe, mzigo ufike. Lakini nyumba tulizozaliwa, mawe yake, mchanga wake na chokaa yake, vilipita vichochoroni juu ya mgongo wa punda. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji wetu katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni huja kutoka mbali kutazama nyumba hizo na vichochoro hivyo ambavyo gari haliwezi kupita. Kwa hiyo tunaomba mtusikilize kwanza. Kicheko kije mwisho, kama bado mtakuwa nacho.

Jumamosi sita

Mwaka jana, kwa fedha kidogo zilizobaki katika mfuko wa kamati, tulifanya majaribio ya Jumamosi sita. Tuliwaalika watoto wanane wenye ulemavu: watano wa mjini, kutoka Langoni na Mkomani, na watatu wa Matondoni. Wengine wana mtindio wa ubongo, wengine usonji, na mmoja haoni vizuri. Kati ya hao wanane, watatu hawajawahi kuandikishwa shule yoyote. Tuliazima punda wanne kwa wenyewe, tukatafuta kiwanja chenye kivuli nyuma ya mji, mbali na kelele za bandarini. Mtaalamu wa tiba ya viungo, binti wa Lamu afanyaye kazi bara, alitoa siku zake za likizo, na hakumruhusu mtoto yeyote kusogea kwa punda kabla ya kumpima.

Hatukuanza kwa kupanda. Jumamosi mbili za mwanzo hakuna aliyekaa juu ya punda hata mmoja. Watoto walijaza maji horini, wakahesabu vibaba vya pumba, wakapiga brashi, wakajifunza upande upi wa kusimama na upi wa kuepuka. Asiyeweza kushika brashi tulimfungia kiganjani kwa kipande cha kanga. Jumamosi ya tatu wale walioruhusiwa na mtaalamu walipandishwa, mmoja mmoja, mtu mzima kila ubavu na mwingine mbele ameshika kamba, mwendo wa pole wa kuzunguka kiwanja.

Tutawaeleza habari za watoto wawili, kisha za kijana mmoja.

Wa kwanza ni msichana wa miaka tisa wa Matondoni. Hatembei, na mkono wake wa kushoto hukaa umefumbwa. Siku ile ya kufungiwa brashi alimsugua punda shingoni, pole pole, hadi wenzake wote wakamaliza na kuondoka kunywa maji. Tulipomwambia inatosha, alisema, "Bado." Mama yake aligeuka kututazama. Alisema hajawahi kumsikia mwanawe akimkatalia mtu neno mbele ya wageni. Ndugu zetu, hatutawadanganya. Mtoto huyo hakupona. Hatembei leo, na mkono wake haujafunguka. Lakini mama yake alituambia kwamba majirani waliokuwa wakimuuliza, "Mgonjwa hajambo?" sasa humuuliza mtoto mwenyewe, "Punda wako hajambo?"

Wa pili ni mvulana wa Langoni mwenye usonji. Kelele zikizidi husimama wima kama nguzo, na anayemvuta mkono humfanya akaze zaidi. Sasa mtusikilize vizuri. Jumamosi ya nne punda mmoja alifika kwenye pembe ya kichochoro akagoma. Mmoja wetu alianza kumvuta kamba kwa nguvu. Kijana mwenye punda, wa miaka 19, aliyeacha shule darasa la saba ili abebe mizigo, alimzuia. "Mwache," alisema. "Hakatai, anafikiri." Alitazama masikio ya punda yalikoelekea, akaenda hadi ukutani, akaondoa karatasi ya nailoni iliyokuwa ikipigwa na upepo. Punda akapita.

Wiki mbili baadaye, mtu alimvuta mkono mvulana yule pale aliposimama wima. Naye akasema, "Sikatai. Nafikiri."

Tangu siku hiyo mwanakamati aliyekuwa akivuta kamba havuti tena, si punda wala mtoto. Na kijana yule, ambaye mjini huitwa "we wa punda!" na wengi wetu hatujui hata jina la baba yake, amekuwa mwalimu wetu. Alilolijua yeye ndilo wanalolieleza wataalamu wa wanyama: farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa husimama apime jambo. Tunachokiita ukaidi ni tahadhari. Mtoto anayeitwa mkaidi kila siku akikutana na mnyama anayeitwa mkaidi kila siku, somo huanza kabla ya mwalimu kufungua kinywa.

Kazi hii ilikotoka

Huenda mkadhani tumelizua jambo hili. Sivyo. Kule Denmark aliishi mwanamke mpanda farasi, Lis Hartel. Mwaka 1944, akiwa na mimba, alipatwa na polio, ikamlemaza miguu kuanzia magotini kwenda chini. Alirudi juu ya farasi kwa kusaidiwa kupanda na kusaidiwa kushuka. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alishindana na wanaume kwa wanawake katika mashindano ya kumwongoza farasi kwa madaha, akatwaa medali ya fedha. Mwaka 1956 akaitwaa tena. Watu wengi wa Ulaya walimtazama wakajiuliza: ikiwa farasi alimfaa yeye, je, atawafaa na watoto wetu? Kufika mwaka 1969 Uingereza na Marekani zilikuwa zimeunda vyama vya kitaifa vya kupandisha farasi watu wenye ulemavu.

Sababu ya kitabibu ni nyepesi kuieleza. Mnyama anapotembea, mgongo wake huisogeza nyonga ya aliyempanda mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, karibu sawa na nyonga ya mtu anayetembea kwa miguu yake. Mwili wa mtoto asiyetembea hupata mazoezi ya kutembea akiwa amekaa. Utafiti uliofanywa unaonyesha kwamba baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo huimarika katika kukaa na kujizuia wasianguke. Lakini tafiti nyingi zilihusisha watu wachache, na hakuna mtaalamu mwaminifu atakayewaahidi zaidi ya hapo. Sisi pia hatuahidi.

Na si watoto wenye ulemavu pekee. Katika jiji la Philadelphia, Marekani, mwaka 1994 ulianzishwa mpango uitwao Work to Ride, kwa ajili ya watoto wa mitaa yenye umaskini. Familia zao haziwezi kabisa kulipia masomo ya farasi, kwa hiyo mtoto hulipa kwa kazi: anasafisha zizi, analisha, anapiga brashi, na anatakiwa afanye vizuri shuleni. Mwaka 2011 vijana wa mpango huo, weusi watupu, walitwaa ubingwa wa Marekani wa shule za sekondari katika polo, mchezo wa kupiga mpira kwa magongo juu ya farasi, ambao wengi waliuona ni wa matajiri tu. Hatukusudii kucheza polo Lamu. Tunataja habari hii kwa sababu moja: mlango uliofunguliwa pale haukuwa wa farasi, ulikuwa wa malipo. Mtu alikaa akafikiri mtoto maskini atalipaje, akapata jibu.

Na la karibu zaidi na nyumbani ni hili. Bi Elisabeth Svendsen wa Uingereza, aliyeanzisha hifadhi ya punda nchini mwake mwaka 1969, baadaye aliwatumia punda wake kuwafurahisha na kuwafunza watoto wenye ulemavu. Ni yeye huyo huyo ambaye hifadhi yake ilifungua kituo cha kutibu punda Lamu mwaka 1987, kile kilicho ufukweni ambacho sote tumepita mlangoni mwake, ambako punda hutibiwa bure. Nusu moja ya kazi ya mwanamke yule, ile ya kumhudumia punda, ina miaka mingi mjini mwetu. Nusu ya pili, ile ya punda kumhudumia mtoto, sisi wenyewe hatujaianza sawasawa. Na watoto tunao.

Kinachokosekana

Baada ya Jumamosi ya sita fedha ziliisha. Hapa tunataka kukiri jambo. Tulijua zimeisha, tukaona haya, na hatukumwambia mtu. Jumamosi ya saba mama wa yule msichana wa Matondoni alilipa nauli ya boti mwenyewe, yake na ya mwanawe, akambeba mgongoni kutoka gatini hadi kiwanjani, akakaa kivulini hadi adhuhuri. Hakuna aliyekuja. Hatuna wa kumlaumu ila sisi wanakamati. Tulikwenda kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa maji, kisha akasema, "Radhi nimewapa. Nanyi nipeni tarehe."

Tulirudi tukakaa na daftari la hesabu ili tujue fedha zilikwenda wapi, na tulichokiona kilitushangaza. Ulaya na Marekani aliye ghali ni mnyama: ardhi yake, zizi lake, majani ya majira ya baridi, daktari wake. Ndiyo maana kule wafadhili huchanga ili farasi apatikane. Kwetu mnyama yupo. Usiku hulala vichochoroni, asubuhi hutupita Usita wa Mui, na tabibu wake yupo ufukweni. Kilichokula fedha zetu ni vitu vitatu ambavyo mtu wa mjini havioni.

Cha kwanza ni boti. Mtoto asiyetembea hasafiri peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi. Cha pili ni siku ya mwenye punda. Punda aliyesimama akipigwa brashi ni punda asiyebeba mchanga, na yule kijana wa miaka 19 ana mama na wadogo zake wanaongoja chakula cha jioni. Jumamosi mbili za kwanza alikuja bure kwa hisani yake. Jumamosi ya tatu tulimlipa, na tuliona aibu kwamba hatukufanya hivyo tangu mwanzo. Cha tatu ni mtu mwenye ujuzi: likizo ya binti yetu ilikwisha, na bila yeye haifai kumpandisha mtoto yeyote.

Ndugu zetu, tukisema watoto hawa hawafikiwi, maana yake si kwamba wako mwisho wa dunia. Matondoni na mji ni kisiwa kimoja. Kati ya mtoto na punda pana nauli ya boti, posho ya siku moja na mtaalamu mmoja. Huko kote ndiko kutofikiwa.

Wako waliotuambia, "Maji ya visima yanaingia chumvi, vijana hawana kazi, nanyi mnatuletea mchezo wa punda." Jambo la maji ni kweli, na chama kinaendelea nalo, kama mtakavyosikia kwa kamati nyingine. Lakini tangi la maji likijengwa mtaani, mtoto anayefichwa chumbani hatatoka kwa sababu ya tangi. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kufika katika shule na vituo vya mafunzo. Haki hiyo imeandikwa Nairobi. Kumfikisha mtoto hadi kiwanjani ni kazi ya jamaa zake, na jamaa zake ndio sisi tuliokaa ukumbini humu. Na kuhusu vijana wasio na kazi: anayeshika kamba ya punda ni kijana, na tunataka alipwe.

Tunachoomba

Tunataka kuanza upya na watoto kumi na wawili, Jumamosi mbili kila mwezi, kwa mwaka mzima bila kukatika. Hatutaanza hadi fedha za mwaka mzima ziwe benki, kwa sababu hatutaki mama mwingine akae kivulini hadi adhuhuri. Fedha zitakwenda hivi:

Kwanza, nauli ya boti ya mtoto na mzazi au mlezi wake, italipwa kwa nahodha moja kwa moja, ili mzazi asiombe wala asikopwe.

Pili, posho ya siku kwa vijana wanne wenye punda. Kila mmoja ataleta punda wake, na punda watakuja wawili wawili waliozoeana, maana punda akitengwa na mwenzake hupata wasiwasi. Punda mwenye kidonda cha shogi hatapokewa hadi apone. Kwa njia hiyo punda mzima atamletea mwenyewe kipato, na tunatumaini fimbo zitapungua.

Tatu, malipo na safari ya mtaalamu wa tiba ya viungo, pamoja na mafunzo kwa wale vijana wanne na kwa walimu wawili wa shule, ili siku mtaalamu asipokuwepo watoto wasome na punda chini, bila kupanda.

Nne, vifaa: kofia ngumu za vipimo mbalimbali, matandiko laini ya sponji, ngazi pana ya kupandia yenye mahali pa kiti cha magurudumu, brashi, hori na sanduku la huduma ya kwanza. Watakaopanda ni watoto wepesi tu. Punda mkubwa hastahili kupandwa na mtu wa zaidi ya kilo 50, na hatutampunguzia mtoto mzigo kwa kumzidishia punda.

Tano, chai na mkate kwa wote. Yule kijana alitufundisha kwamba somo lisilo na chai halina wanafunzi.

Hatutanunua farasi. Hatutachapisha fulana. Hakuna mwanakamati atakayelipwa nauli ya kwenda kutazama. Hesabu kamili, kipengele kwa kipengele, iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na kila baada ya miezi mitatu tutaileta mbele yenu pamoja na daftari la mahudhurio. Mtoto akiacha kuja, tutawaambia ni nani wetu aliyekwenda kuuliza sababu.

Mtu anaweza kumdhamini mtoto mmoja kwa mwaka. Familia au duka linaweza kubeba boti ya Matondoni. Kikundi cha akina mama kinaweza kuchukua posho ya kijana mmoja. Na aliye na kidogo atoe kidogo, kwa kuwa haba na haba ndiyo iliyojaza kila kibaba ambacho chama hiki kimewahi kujaza. Karatasi ya ahadi iko katikati ya kijitabu. Namba ya M-Pesa ya mweka hazina iko jalada la nyuma. Mwenye ujuzi wa ukunga, ualimu, ushonaji wa matandiko au useremala wa ngazi, asiandike fedha, aandike jina lake.

Tulipokuwa wadogo tulipanda punda bila ruhusa, tukaangushwa, tukarudi nyumbani na magoti yamechubuka, tukachapwa. Hakuna hata mmoja wetu anayejuta. Tunachowaombea watoto hawa ni sehemu ya utoto huo, kwa usalama zaidi kuliko sisi tulivyoupata. Yuko mama Matondoni anayengoja tarehe, na hatutaki kurudi kwake na maneno. Tukitoka ukumbini leo na mwaka mmoja umekamilika kwenye karatasi za ahadi, kesho asubuhi tutampigia simu tumpe.